Chumvi Yataka Kipimo

Hapana jiko katika Gongoni, wala mahali pengine pa mji wa Tabora, lisilokuwa na chumvi. Mboga ikikosa chumvi, watu husema haina ladha. Na mtu aliyeishi miaka mingi husifiwa kuwa amekula chumvi nyingi. Wanafunzi, msidanganyike na msemo huo. Mzee yule asifiwa kwa miaka yake, si kwa kijiko chake. Chumvi ni kitu chema, lakini yapasa kupimwa. Na nyumba isiyopima chumvi yake yajitafutia maradhi, hata ikiwa chakula chake chote kimepikwa nyumbani.

Kwanza tuangalie jinsi babu zetu walivyoipata. Magharibi ya Tabora, katika njia ya misafara iliyokwenda Ujiji, iko nchi ya Uvinza. Huko, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia katika Malagarasi, zimo chemchemi za maji ya chumvi. Wakati wa kiangazi watu waliyateka maji hayo, wakayachemsha katika vyungu hata maji yakaisha, chumvi ikabaki. Wataalamu waliochimbua mahali hapo mwaka 1967 waliona ya kuwa kazi hiyo ilikuwa imefanywa kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi iliyofika Unyanyembe ilikuwa imechukuliwa mabegani mwa watu kwa siku nyingi. Mwenye kuinunua hakuitapanya, kwa maana umbali na bei vilimpimia.

Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliochosha mabega ya wapagazi ukachukuliwa na gari la moshi. Leo pakiti ya chumvi hununuliwa dukani kwa fedha kidogo. Hilo ni jambo jema. Lakini kipimo cha zamani kimeondoka, nasi wengi hatujaweka kingine mahali pake.

Chumvi ikizidi, yafanya nini mwilini? Chumvi huvuta maji. Mtu alapo chumvi nyingi, maji huzidi katika damu yake, na damu husukuma kwa nguvu ndani ya mishipa. Moyo hufanya kazi kupita kiasi, figo huchoka, na mshipa wa ubongoni huweza kuziba au kupasuka, mtu akapatwa na kiharusi. Tena ugonjwa huu wa shinikizo la damu ni mwivi: huingia kimya, na mara nyingi mtu haoni maumivu yo yote mpaka madhara yametokea.

Wengine hujibu, wakisema, "Hayo ni maneno ya watu wanaokula vyakula vya makopo. Sisi twala ugali, mlenda, maharage na dagaa. Chumvi itatudhuru wapi?" Nakubali ya kuwa chakula chetu ni chema sana. Lakini hesabuni milango ambayo chumvi huingilia. Samaki aliyekaushwa kwa chumvi huja nayo kutoka sokoni. Mpishi huongeza nyingine chunguni. Kiungo cha dukani cha kutia mchuzini kina chumvi yake. Wakati wa kula, mtu huinyunyiza tena kabla hajaonja. Hata magadi, yatiwayo katika maharage na mlenda ili vilainike upesi, yana kitu kile kile cha ndani ya chumvi kipandishacho shinikizo la damu. Haba na haba hujaza kibaba.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, katika vyakula vyote pamoja. Mtoto apewe pungufu ya hapo. Lakini shirika hilo hilo lasema ya kuwa watu wazima wa dunia, kwa wastani, hula zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Basi fanyeni hesabu. Nyumba yenye watu wazima watano yaweza kutumia gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Gawanyeni kwa 25, mtapata siku 20. Pakiti ikiisha kwa siku 10, wala haikutumika kwa kazi nyingine, jueni ya kuwa nyumba hiyo inakula mara mbili ya kiasi kinachofaa. Andikeni siku pakiti ilipofunguliwa, nanyi mtaujua ukweli bila kugombana na mtu.

Dawa yake si kuiacha chumvi kabisa. Mwili wauhitaji uchache wake. Tena chumvi yenye madini joto hutukinga na rovu, ule uvimbe wa shingoni, na humsaidia mtoto akue na akili timamu. Nunueni hiyo, mkaifunike vizuri, mkaitie chunguni chakula kinapokaribia kuiva, kwa kuwa moto mwingi hupunguza madini yake. Samaki wa chumvi aloweshwe, na maji yake yamwagwe. Maharage yalowe usiku kucha, ndipo yataiva bila magadi. Ladha itafutwe katika nyanya, kitunguu, ndimu, tangawizi na karanga. Chombo cha chumvi kikae jikoni, kisifike mahali pa kulia. Ulimi nao hujifunza: punguzeni kidogo kidogo, na baada ya majuma machache hamtaona upungufu.

Lakini angalieni adabu. Mtoto hamfundishi mama yake kupika mbele ya wageni, wala hamkatazi bibi yake kwa sauti kuu. Wewe umwombe mama ruhusa ya kupima chumvi kwa kijiko, badala ya kuitia kwa kiganja, nawe umweleze sababu kwa upole. Mama atakayeona ya kuwa mboga bado ni tamu na pakiti yadumu siku nyingi zaidi, hatahitaji maneno mengi. Wazee wetu walipimiwa chumvi na njia ndefu ya Uvinza. Sisi hatuna budi kujipimia wenyewe.