STAA ANALIA NYIMBO ZAKE KUIBIWA, JE WINDOWS ANAYOIUZA?

Wadau, kuna msanii mmoja wa huku kwetu Kahama na Ushetu, jina kapuni. Kila siku anawachana vijana wanaojaza nyimbo zake kwenye flashi bila kumlipa. Sawa, ana haki. Ila juzi huyo huyo kaposti tangazo: leseni ya Windows kwa bei ya chipsi kuku, njoo inboksi!

Kaka, Sheria ya Hakimiliki ya 1999, ile unayokimbilia nayo COSOTA, inalinda wimbo wako na programu ya kompyuta vilevile. Ukidai ulipwe unaijua, ukitakiwa kulipa unaisahau?

Mnielewe: punguzo sio kosa. Cha kuuliza ni leseni imetoka wapi. Nyingi za bei chee zilinunuliwa na kampuni yenye mashine kibao, mjanja kazikata anauza mojamoja. Leo inakubali, kesho Microsoft wanaifunga, muuzaji kashakubloki. Risiti huna, utamdai nani?

Msinitajie Ulaya. Kweli 2012 mahakama yao iliruhusu kuuza leseni iliyotumika, lakini muuzaji aache kutumia yake, na leseni ya kundi isikatwe vipande. Tena hiyo ni sheria yao, sio yetu.

Hela huna? Weka Linux, ni bure na ni halali.

Msanii wetu, futa lile tangazo kwanza, ndio tuje tulie na wewe. Wadau, naongopa? Shusheni komenti.