Kona ya Mwalimu: Masaa saba yamepotea wapi?

Juzi mama mmoja wa chama chetu alinijia jioni, uso umefungwa. Bwana yake amerudi kutoka China na bidhaa, naye ameona tiketi kwenye mfuko wa koti. Dubai kwenda Guangzhou: kuondoka 10:00, kufika 21:30. Kurudi: kuondoka 00:30, kufika 05:00.

«Mwalimu, nimehesabu mara tatu. Kwenda masaa 11 na nusu, kurudi masaa 4 na nusu. Njia ni ile ile! Yale masaa saba alikuwa kwa nani?»

Sikucheka. Pesa ya safari ile ilitoka kwa samaki yake ya chumvi na kwa zamu yake ya likelemba. Mwenye kutoa jasho ana haki ya kuhesabu.

Tulikaa na daftari. Kutoka Dubai mpaka Guangzhou ni karibu kilometa 5.800. Ziwa letu Edouard lina urefu wa kilometa 77 hivi. Ni kama kulipita mara 75. Ndege inafanya karibu masaa 7 na nusu kwenda. Kurudi ni karibu 8 na nusu, kwa sababu kule juu upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wavuvi wetu wanajua: kurudi na upepo usoni kunachelewesha.

Sasa, tiketi inaandika saa ya kila mji. Jua linatokea Guangzhou kwanza, kwa hiyo saa yao imetangulia ya Dubai kwa masaa 4, sawa na sisi huku tunavyotangulia Kinshasa kwa saa moja. Ukiondoka Dubai 10:00 na kuruka masaa 7 na nusu, Dubai ni 17:30. Ongeza 4: Guangzhou ni 21:30. Kurudi, 00:30 na masaa 8 na nusu ni 09:00 ya Guangzhou. Toa 4: Dubai ni 05:00.

Hesabu ya kurudi aliifanya yeye mwenyewe. Alinyamaza, kisha akasema: «Na mimi tangu jana sijampa chakula vizuri.»

Jambo lingine lenye faida: Guangzhou wametangulia sisi kwa masaa 6. Ukipiga simu huku saa mbili usiku, kule ni saa nane usiku, watu wamelala. Simu ikinyamaza, usikimbilie kulia wala kugomba. Piga asubuhi saa moja. Kule ni saa saba mchana.

Kazi ya watoto nyumbani: Dubai imetangulia sisi kwa masaa 2. Ndege ikiondoka Dubai 10:00, hapa Kyavinyonge ni saa ngapi? Na ikifika Guangzhou 21:30, hapa ni saa ngapi? Mama, usimwachie mtoto peke yake. Shika kalamu na wewe.