Nyaya za meno zikimchubua mtoto

Mzazi, mwanao amefungwa nyaya za meno wiki hii na anasukuma sahani ya sato? Shavu na ulimi bado havijazoea chuma. Siku za mwanzo huchubuka. Kausha chuma kwa pamba, finyanga nta ya meno iwe kama punje ya njegere, ibandike panapokwaruza. Wengi huibandika juu ya mate, ikadondoka, kisha wakailaumu nta. Asukutue maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, asiyameze. Mpe uji, ndizi za kupondwa. Muwa na mahindi ya kuchoma visubiri. Waya ukichomoza usiukate kwa kikata kucha, kipande chaweza kumezwa. Hata kama mko Ukerewe na kivuko kimeshaondoka: funika ncha kwa nta, asubuhi mvuke kwenda kwa daktari wake.