Nguzo Haina Kosa

Msomaji kijana, katika kazi za mikono ni chache zilizo ndogo machoni na kubwa katika mafunzo kama kuunda kielelezo cha ndege ya mabawa ya ghorofa: ndege ya zamani yenye bawa moja juu na jingine chini, na katikati yake nguzo nyembamba za kuyashika. Ndugu wawili wa ukoo wa Wright waliruka kwa ndege ya namna hiyo huko Marekani tarehe 17 Desemba 1903. Hapa Kenya, kampuni ya Wilson Airways iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 ilianza kazi kwa ndege ndogo ya mabawa ya ghorofa, iliyoitwa Gipsy Moth.

Siku hizi vielelezo vya ndege hizo huuzwa vikiwa vipande vya plastiki sandukuni. Kijana wa Meru au Embu asiye na fedha za sanduku aweza kuchonga chake kwa mlingoti wa ua la mkonge, ambao ni mwepesi na hukubali kisu kidogo. Kazi hizi mbili zina taabu moja. Siku ya kusimamisha nguzo, nguzo hazikai. Moja yaonekana ndefu, ya pili yaonekana fupi, na ya tatu yachezacheza tunduni.

Hapo ndipo ninapogombana na desturi iliyoenea. Desturi hiyo ina amri mbili: nguzo ikiwa ndefu, ikate, ikiwa fupi, ijaze gundi. Amri zote mbili ni mbaya, nami nazishitaki mbele yako, uwe hakimu.

Kwanza tuulize nguzo ni kitu gani. Mwaka 1896 Octave Chanute, mhandisi wa reli na madaraja, alijenga chombo cha kuelea hewani chenye mabawa mawili, akayafunga kwa nguzo na nyaya kama mafundi wafungavyo daraja. Nguzo husukuma, waya huvuta, na kwa kushindana kwao mabawa mawili dhaifu huwa boriti moja yenye nguvu. Basi urefu wa nguzo si pambo. Ndio unaoamua bawa la juu likae wapi.

Sasa fikiri ulifanya nini kabla ya kuifikia nguzo. Uliunganisha nusu mbili za kiwiliwili cha ndege. Ulibandika bawa la chini. Ulipaka rangi, na rangi ikaingia katika matundu. Huenda kiwiliwili kilikaa upande kwa upana wa unywele. Huenda bawa lilipindika sandukuni. Makosa hayo yalinyamaza kimya mpaka nguzo ilipokuja kuyataja. Nguzo, basi, ni shahidi. Na mtu amkataye shahidi kwa sababu amesema kweli hakuondoa kosa, ameondoa ushahidi. Ukikata nguzo ya kwanza, bawa la juu litainama, na ya pili itakataa kuingia. Utaikata hiyo nayo, kisha ya tatu, na mwisho ndege yote itakuwa imekatwa ili ilingane na kosa moja.

Wala usiseme kwamba kosa ni dogo. Mabawa ya ndege ya Tiger Moth yana upana wa mita 8.94 kutoka ncha hadi ncha. Katika kielelezo cha kipimo cha 1 kwa 72, upana huo huwa milimita 124 tu. Milimita moja uliyoikata kwa pupa ni milimita 72 katika ndege yenyewe, karibu upana wa kiganja chako. Fundi gani angeikata nguzo ya ndege kwa upana wa kiganja, kisha akampandisha rubani?

Njia iliyo sawa ni hii. Jaribu kila kipande pakavu, kabla ya gundi. Soma namba za vipande, maana nguzo ya mbele hufanana na ya nyuma kama pacha, wala si ile. Safisha matundu kwa ncha ya sindano, na ukwangue ukingo mwembamba wa plastiki ulioachwa na kiwanda. Bawa lililopindika lichovye katika maji ya moto yasiyochemka, ulinyoshe taratibu, kisha ulitie katika maji baridi. Lilaze bawa la juu mezani kifudifudi, ukiegemeze kiwiliwili kwa vipande vya kadibodi vyenye kimo kimoja. Anza na nguzo fupi za katikati, zinazoshika kiwiliwili, ungoje zikauke. Ndipo uende kwenye za nje. Tazama kutoka mbele, tena kutoka ubavuni.

Kiwanda nacho hukosea, sikatai. Ikiwa baada ya uchunguzi huo wote nguzo bado ni ndefu, ipunguze kwa msasa kidogo kidogo. Ikiwa ni fupi, chonga mpya kwa kijiti cha mwanzi. Hukumu ya kukata ipo, lakini ije mwisho wa kesi.

Wapo wasemao: “Huu ni mchezo wa watoto. Ndege hii haitaruka. Gundi ikifunika, nani ataona?” Nawajibu kwa jambo tunalolijua sote tusafirio kati ya Embu na Meru. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ajali zilikuwa zimetokea hapo hata kabla ya siku hiyo, na wengi walikuwa wamezoea kulitaja daraja kana kwamba lenyewe ndilo liuwalo. Lakini kabla ya daraja upo mteremko mkali, na katika mteremko zipo kona, na juu yake hupita magari yenye breki nzima na mbovu. Mtu aliyezoea tangu utotoni kulaumu mahali kosa linapoonekana hatatafuta mahali lilipoanzia, nao watu watazidi kuzikwa.

Tangu Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, kazi za mikono zimepewa heshima yake shuleni. Ni jambo jema. Lakini mzazi amfanyiaye mwanawe kazi hiyo usiku amempa alama na kumnyang'anya elimu. Na mwalimu atoaye alama kwa mng'ao wa rangi, asipindue kielelezo atazame chini ya bawa, anafundisha udanganyifu bila kutamka neno. Nasema haya nikiwa mwalimu wa walimu: kielelezo kilichopakwa nusu, chenye nguzo zilizosimama sawa, chastahili alama kuliko kile king'aacho juu ya gundi.

Kwa hiyo, kijana, nguzo ikikataa kuingia, weka kisu chini. Rudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka uione hatua uliyoikosea. Itengeneze hiyo, nayo nguzo itaingia yenyewe.