TUTAFUTE KOSA KABLA YA MKOSAJI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyani haoni kundule. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, nikaitungia sentensi na kupewa alama zangu, lakini maana yake sikuionja mpaka siku chama chetu kilipounda tarakilishi yake ya kwanza, nayo ikakataa katakata kuwaka.

Mpenzi msomaji, hebu nikupe picha kamili. Vipuri vilikuwa vipya, vingine bado vinanukia plastiki. Tulikuwa sita, kila mtu na kazi yake. Mimi wa Kidato cha Tatu nilijitwalia kazi ya nyaya kwa kuwa nilijiona fundi wa mafundi. Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili, mpole kama maji ya mtungini, akapewa kuchomeka vijiti viwili vya kumbukumbu.

Tulipobonyeza swichi, feni zilizunguka na taa zikametameta. Tukapiga makofi. Kumbe tulishangilia mapema! Skrini ilibaki nyeusi tititi. Tukazima, tukawasha tena. Wapi!

Hapo mahakama ikaanza, na hakimu nikawa mimi. "Ni huyu!" nikasema. "Hakugusa chuma kwanza. Ameunguza ramu." Ni kweli kwamba mwili wa binadamu huweza kubeba umeme tuli unaodhuru vipuri, ndiyo maana tunashauriwa kugusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kuvishika. Lakini kutoka "huweza kudhuru" hadi "amedhuru" ni safari ndefu, nami niliikata kwa hatua moja tu. Wenzangu wakaitikia. Mmoja akasema ati alipe. Sote tulijua kwamba karo ya kijana huyo hulipwa kwa mafungu mafungu. Maskini, alijikunyata asiseme neno.

Mwalimu mlezi alipofika, hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Inafanya nini, na haifanyi nini?" Swali hilo lilitunyamazisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameitazama mashine. Tulikuwa tukimtazama mtu.

Tukaanza upya, kwa yale mepesi. Je, soketi ya ukutani ina stima? Tulichomeka taa ya mezani, ikawaka. Swichi ndogo iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme je? Iko sawa. Kebo ya skrini imeingia barabara? Naam. Kisha tukachomoa plagi, tukaondoa kila kitu ambacho si lazima ili mashine iamke. Tukabakiza ubao mkuu, prosesa na feni yake, na kijiti kimoja cha kumbukumbu. Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ipone, hutajua dawa ilikuwa ipi. Kisanduku cha umeme chenyewe hakuna aliyekifungua, kwani ndani yake husalia umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Tulijaribu kijiti cha kwanza, skrini ikabaki nyeusi. Cha pili, vilevile. Vijiti viwili vipya kufa siku moja si jambo la kawaida. Basi Mwalimu akaniambia nifuate nyaya kwa kidole, mmoja mmoja. Juu kabisa pembeni mwa ubao, nyuma ya chuma cha kupozea prosesa, nikakuta soketi ya matundu manane. Ilikuwa tupu!

Wasiojua wajue. Ile plagi pana yenye pini 24 hulisha ubao mkuu, na feni zinaweza kuzunguka kwa umeme huo. Lakini prosesa, ambayo ndiyo bongo la mashine, hupata umeme wake kupitia plagi nyingine yenye pini nne au nane. Ukiisahau hiyo, mwili utatikisika lakini bongo litalala fofofo.

"Nyaya zilikuwa kazi ya nani?" Mwalimu akauliza.

"Zangu, Mwalimu."

Nilichomeka waya ule, tukawasha, na baada ya muda maandishi yakatokea. Nilimwomba yule kijana radhi mbele ya wote. Kilichonichoma moyo ni jibu lake baadaye tukielekea bwenini: "Hilo tundu nililiona mapema. Lakini wewe ni mkubwa, ungenisikiza kweli?"

Wenzangu, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wapo watakaosema kwamba asiyelipishwa hajifunzi, na kwamba bila adhabu mali ya shule itakwisha. Sikatai, mzembe na awajibike. Ila adhabu ije baada ya kupima, siyo badala ya kupima. Penye woga watu huficha wanayoyaona, na yaliyofichwa ndiyo dawa yenyewe. Laiti kijana huyo angekuwa huru kusema, tungeokoa mchana mzima, na machozi yake pia.

Mambo haya si ya tarakilishi peke yake. Darubini ikigoma maabarani, husemwa aliyeishika mwisho. Redio ikinyamaza nyumbani, hupigwa kitindamimba, kumbe betri zimekwisha.

Pendekezo langu ni hili. Chama chetu kibandike ukutani utaratibu wa kukagua: stima, swichi, kebo, nyaya, kumbukumbu, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na juu yake tuandike kwa herufi kubwa swali la Mwalimu: INAFANYA NINI, NA HAIFANYI NINI? Swali la "ni nani?" lingoje zamu yake. Na likifika, kila mmoja wetu aanze kwa kuitazama mikono yake mwenyewe.