Dola Kama Ngome: Imani Iliyokosa Ushahidi

Kati ya hoja zote za kutetea kuwapo kwa dola, hoja ya ulinzi ndiyo inayopata wapinzani wachache zaidi. Mtu aliyekwisha kukubali kwamba shule, barabara na hata mahakama zinaweza kuendeshwa bila serikali husita akifika mpakani. Jamii isiyo na jeshi la taifa, husemwa, italiwa na jirani wa kwanza mwenye bunduki. Thomas Hobbes aliijenga hoja hii mwaka 1651, na tangu hapo imerithiwa kama jambo lisilohitaji kupimwa. Hata wafuasi wa soko huria huiogopa. Gustave de Molinari alipopendekeza mwaka 1849 kwamba usalama uuzwe kama bidhaa nyingine yoyote, wachumi wenzake wa Paris walimkataa. David Friedman, aliyeandika mwaka 1973 kuhusu jamii isiyo na serikali, aliukiri ulinzi wa taifa kuwa ndio tatizo gumu.

Afrika Mashariki inaipima imani hiyo vizuri kuliko maandiko ya wanafalsafa, kwa sababu katika miaka michache ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, maadui walewale wenye silaha zilezile walizivamia jamii zenye dola na zisizo na dola, na matokeo yanajulikana.

Zanzibar ilikuwa na kila kinachotajwa katika hoja ya Hobbes: sultani, kasri, askari wa mshahara, hazina ya forodha, na meli ya kivita iliyoitwa Glasgow. Ilikwisha kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na hilo lenyewe lilifanyika kwa mazungumzo ya watu wachache sana. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, binamu yake Khalid bin Barghash aliingia kasrini bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27, muda mfupi baada ya saa tatu asubuhi, manowari zilianza kufyatua mizinga, na kabla ya saa nne bendera ya kasri ilikuwa imeshuka. Vita vizima havikuzidi dakika 45. Glasgow ilizama, watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, Khalid akakimbilia kwa balozi wa Ujerumani, na siku hiyohiyo Hamoud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti. Kesho yake watoza ushuru, maliwali na makadhi walikuwa kazini kama kawaida, chini ya mtawala aliyechaguliwa na mizinga.

Wanandi wa nyanda za juu za magharibi ya Kenya hawakuwa na mfalme, hazina wala askari wa kulipwa. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na baraza la wazee wa ujirani, kokwet. Vita viliendeshwa na vijana wa rika kupitia pororiet, kila moja ikiwa na eneo lake na viongozi wake. Orkoiyot, kiongozi wa kiroho, alitabiri na kubariki misafara, na sauti yake ilikuwa na uzito mkubwa, lakini hakuwa na polisi wa kumlazimisha mtu. Waingereza waliotumia dakika 45 Zanzibar walituma misafara ya kijeshi kwa Wanandi mwaka 1895, 1897, 1900, 1903 na 1905. Katikati ya misafara hiyo nyaya za telegrafu zilikatwa na kufanywa mapambo, na vyuma vya reli ya Uganda vikang'olewa na kufuliwa silaha. Reli ilifika ziwani mwaka 1901. Wanandi hawakutulizwa hadi miaka minne baadaye. Jamii ambayo kwa mujibu wa Hobbes ilipaswa kuanguka kwanza ilikaa vitani miaka kumi.

Sababu haina fumbo. Mvamizi hataki udongo mtupu. Anataka kodi, vibarua na utii, na vitu hivyo huja haraka pale ambapo watu wamekwisha kuzoezwa kumtii mmoja na ambapo daftari la kodi limekwisha kuandikwa. Anayeteka kasri hununua nchi kwa bei ya jumla. Anayekwenda kwa watu wasio na kasri hununua rejareja, boma kwa boma, na kila boma hudai bei yake upya. Ndiyo maana Wajerumani wa pwani waliwarithi maliwali na maakida wa sultani badala ya kuwafukuza. Ndiyo maana pia Waingereza, walipokuta Wakikuyu hawana machifu, walilazimika kuwatengeneza, na mwaka 1902 wakatunga sheria ya kuwapa wakuu wa vijiji mamlaka ambayo hakuna mzee aliyewahi kuwa nayo.

Historia ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, inaonyesha jambo hilohilo ndani ya jamii moja. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivamia jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski huko Lugalo na kumuua. Baada ya hapo nguvu nyingi ziliwekwa kwenye ngome ya Kalenga, makao makuu yenye kuta ndefu za mawe, na mwishoni mwa Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani ilizivunja kwa muda mfupi. Mkwawa bila mji, bila kuta na bila ghala la baruti aliwasumbua karibu miaka minne mingine, mpaka alipojiua Julai 1898. Kilichoanguka kwa siku chache kilikuwa sehemu yenye sura ya dola.

Jibu la kawaida ni kwamba wote hatimaye walishindwa. Ni kweli, na gharama haikuwa ndogo. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, watu wa kusini waliounganishwa na dawa ya Kinjikitile Ngwale, wengi wao wasio na mtawala mkuu, walichomewa mashamba na maghala, na idadi ya waliokufa, wengi kwa njaa, hukadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Adui asiyepata wa kumsainisha mkataba anaweza kuamua kuwaadhibu wote. Lakini jibu hilo halimsaidii anayeitetea dola, maana dola nazo zilishindwa, na baadhi kwa urahisi zaidi. Buganda na Bunyoro zilikuwa falme zenye majeshi, na mwaka 1899 Mwanga na Kabalega walikamatwa pamoja na kupelekwa Shelisheli. Hata kushindwa kwa Wanandi kunafuata mkondo uleule: tarehe 19 Oktoba 1905 afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimpiga risasi Orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei, katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Orkoiyot ndiye aliyekuwa amezileta pororiet karibu zaidi na uongozi mmoja, na hapo ndipo pigo lilipoelekezwa.

Msomaji wa Tanzania atauliza habari za vita vya Kagera, na ana haki. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi la Wananchi, likiongezewa mgambo kwa maelfu, liliyafukuza na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Dola moja ilifanya kazi iliyoahidi. Ila mfano huu una upande wa pili ambao hauhesabiwi. Aliyevamia naye alikuwa dola, akilipia risasi zake kwa kodi ya kahawa na pamba ya Waganda. Jeshi lake, lililodaiwa kuwalinda Waganda, liliwaua kwa miaka minane, kisha likasambaratika lilipokutana na adui wa kweli. Jeshi la Mobutu lilirudia hayo mwaka 1997, likipora miji ya Zaire njiani likikimbia. Raia anayelipia jeshi la taifa hununua mlinzi ambaye hana uwezo wa kumfukuza, na katika Afrika ya baada ya uhuru mlinzi huyo amewaelekezea raia wake mtutu mara nyingi kuliko alivyowaelekezea wageni. Nchini Tanzania, baada ya vita vya Kagera, silaha zilipozagaa na wizi wa ng'ombe ukashamiri, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha ulinzi wao wenyewe, sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vyombo vya dola viliwatazama kwa mashaka kabla ya kuwatambua kisheria. (Sungusungu waliwaonea pia wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi; kukosekana kwa dola hakumfanyi mtu kuwa malaika.)

Hayo hayawapi ushindi wa bure wanaodhani kwamba makampuni yangeweza kuchukua nafasi ya majeshi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ya Carl Peters ilipewa hati ya kifalme mwaka 1885, na Agosti 1888 ikaanza kuichukua pwani ya Mrima kwa mkataba na sultani. Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani waliwainua watu, na katika wiki chache kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Haikukodi walinzi wengine wala kupandisha bei. Ilimlilia Bismarck, bunge la Berlin likatoa marki milioni mbili, na Hermann von Wissmann akaja na askari wa Kisudani. Gharama ya vita ilihamishiwa kwa mlipakodi aliyekuwa hajui Pangani iko wapi. Kampuni yenye dola nyuma yake hailindi soko, na ile isiyo na dola bado haijaonyesha jinsi itakavyomtoza anayelindwa bila kulipa. Wanandi walilijibu swali hilo kwa heshima ya rika, kwa aibu ya mwoga, na kwa mgawo wa ng'ombe walioporwa kwa majirani. Wajaluo na Waluhya wanaweza kueleza gharama ya mgawo huo.

Somalia baada ya serikali yake kuanguka Januari 1991 inaonyesha mpaka wa hoja hii. Wamarekani walipoteza askari 18 Mogadishu tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 na kuondoka mwaka uliofuata. Umoja wa Mataifa ulifunga virago Machi 1995. Ethiopia ilifika Mogadishu baada ya siku chache tu za mapigano Desemba 2006, mara tu baada ya Mahakama za Kiislamu kuanza kuwa na umbo la serikali, na ikatoka Januari 2009 bila kuutuliza mji. Nchi isiyo na kiti cha kukalia ni ngumu kuitawala hata kwa anayeweza kuiingia. Ugumu huo, hata hivyo, humzuia anayetaka kutawala. Kwa anayetaka kuua tu kutoka mbali, kwa ndege au kombora, bila haja ya kodi wala vibarua, kokwet haina jibu. Anayetetea jamii isiyo na dola bado anadaiwa jibu hilo, na deni lake ni hilo tu, si lile kubwa aliloandikiwa na Hobbes.