Poka, Pata Potea na Fedha za Pojo

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, ukishapita Mtito Andei umo Makueni, na ng'ambo ya mto Athi ndiyo Kitui. Nchi hiyo ya ukame hulima pojo, ambazo wenyewe huziita ndengu, na mkulima wake hushika fedha za maana mara moja au mbili tu kwa mwaka. Siku anapozishika, gulioni humkuta mtu mwenye karata tatu na kipande cha boksi.

Mchezo huo ni pata potea. Kijana mmoja huko Makueni alinibishia kwamba si wizi, bali ni mchezo wa akili kama poka ya matajiri wa Nairobi. Hoja hiyo yastahili jibu, na haijibiki bila ya kujua poka huchezwaje.

Karata zake ni 52, zile zile za shupaza, kopa, uru na pau tuzijuazo. Katika namna yake ya zamani, kila mchezaji hutia dau dogo katikati, kisha hupewa karata tano asizomwonyesha mtu. Zamu ikimfikia ana njia tatu: kutia sawa na wenziwe, kuongeza dau, au kutupa karata zake na kuacha alichokwisha kutia. Halafu hubadilisha karata asizozitaka, dau huzunguka tena, na waliobaki hufunua. Jozi moja hushindwa na jozi mbili, nazo hushindwa na tatu za namna moja. Juu yake ni tano zinazofuatana, kisha tano za aina moja, tuseme kopa tupu. Kisha tatu pamoja na jozi, kisha nne za namna moja, na juu kabisa ni tano zinazofuatana za aina moja. Daraja hizi zimepangwa kwa uadimu: karata tano zaweza kutokea kwa njia 2,598,960, na katika hizo zenye nne za namna moja ni 624 tu. Tena mwenye karata mbovu aweza kuongeza dau kwa uso mkavu mpaka wenye nzuri wakaogopa wakatupa. Hapo akili ina kazi, kijana alisema kweli.

Sasa itazame pata potea. Karata tatu, wewe watafuta moja. Ukiweka shilingi 100 ukapata, walipwa 100. Hata mchezeshaji angekuwa mwaminifu kama kadhi, kwa kawaida katika mara tatu utapata moja na kupoteza mbili: katika 300 ulizoweka, 100 zimekwenda. Naye si mwaminifu. Mkono wake huangusha karata ya juu pale jicho lidhanipo ni ya chini, na wale wanaoshinda mbele yako ni wenziwe. Katika poka kila mtu ana karata zake na haki ya kuzitupa; hapa karata zote ni za mtu mmoja.

Mashine za kamari zilizoenea mashambani ni ndugu zake. Mwaka 2018 serikali iliamuru zikamatwe, nyingi zikateketezwa hadharani. Mwaka 2019 makampuni 27 ya kamari yakanyimwa leseni mpya. Agosti 2025 sheria mpya ilitiwa saini kuchukua mahali pa ile ya 1966. Lakini kamari imekwisha kuingia ndani ya simu, na simu haichomwi moto.

Sisi Waislamu neno letu limekatwa katika Suratul Maida: maysir ni haramu, ya haki na ya hila, na poka imo. Ila mkulima wa Mutomo au Kibwezi si lazima awe anafuata fikihi yetu. Mfanyabiashara wetu aendaye kununua pojo akimwambia "haramu" tu, atasikilizwa kwa adabu, kisha mtu arudi kwenye boksi. Afadhali amhesabie ile 300 na ile 100. Mkamba ni mfanyabiashara tangu enzi za misafara ya pembe, na hesabu ya hasara haimpiti. Na wenye kusimamia sheria mpya wangeanza hapo hapo: kila mashine na kila kampuni ya simu iandike, kwa Kiswahili na Kikamba, kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa ni ngapi hurudi kwa wachezaji.